Ndege ya Kisumu

Ndege ilitua Kisumu kabla Apiyo hajapata maneno. Kwa garimoshi angekuwa na usiku mzima wa kuyatafuta, lakini kutoka uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, hapo jirani na kwake Kibera, hata saa moja haikutimia.

Jana alimpigia simu chifu wa kwao atangaze kifo cha mumewe. Ulimi ukamshinda. "Mwambie mama kwamba Ouma wake anakuja kwa ndege," akasema, akakata.

Sasa mama mkwe alikuwa nje ya seng'enge akipiga vigelegele, kuku mweupe kwapani.

"Mwanangu amepanda ndege!" aliwaambia watu. Akamkumbatia Apiyo. "Ouma yuko wapi? Mbona hashuki?"

"Mama..."

Nyuma yao wanaume wanne walikuwa wakishusha jeneza. Kuku akaponyoka.