Kabla ya Kupewa Jina

Sheria ilitaka kila mtoto asafishwe vinasaba kabla ya kupewa jina. Tusekile alikuwa akimnyonyesha bintiye mchanga muuguzi alipomjia.

"Mama, mtoto ana badiliko moja ambalo hakulirithi kwako wala kwa baba yake. Tutalifuta."

"Litamdhuru?"

"Hatujui."

"Na kama litamfaa?"

Muuguzi akainamisha macho. "Haturuhusiwi kusubiri tujue, mama."

Tusekile akamkabidhi mtoto, naye mtoto akarudishwa jioni, mzima, asiye na dosari.

Bintiye alikuwa ameanza shule homa ngeni ilipoingia mtaani. Tusekile alimkanda kwa kitambaa cha maji baridi, akilikumbuka lile badiliko lililofutwa, huku nyumba baada ya nyumba watoto wote, waliosafishwa kama yeye, wakikohoa kikohozi kile kile.