Mgeni wa Siku Tisini

Mzee aliomba aione hiyo pasi ya kusafiria, na Ambakisye akampa palepale kitandani alipolala mgonjwa, mvua ya Ikuti ikipiga bati.

Kidole cheusi kwa utomvu wa migomba kilitambaa juu ya muhuri, ukucha ukasimama kwenye tarehe.

"Wamekuandika mgeni. Nyumbani kwangu."

"Nilichukua uraia wa kule ng'ambo, baba. Visa ni siku tisini. Nimeomba waniongezee, imeshindikana. Ijumaa lazima niwe nimetoka nchini."

Ilikuwa Jumanne. Miezi mitatu kifungua mimba huyo amekaa akingoja jambo ambalo hakuna aliyelitaja mle ndani, maana kwa mila udongo wa kwanza kaburini mwa baba ni wake yeye kuutupa.

Mzee aliifunga pasi, akaipangusa kwa shuka kama kitu cha watu, akamrudishia.

Mama akaingia na bakuli la uji. Kijiko kilipofika mdomoni, mzee alikisukuma taratibu kwa mkono uleule.

"Ndaga, asante mke wangu, umenilisha vya kutosha," alisema, macho yakiwa kwa mwanawe. "Mpe mgeni. Ana safari Ijumaa, na mimi sitaki kumchelewesha."