Sufuria la Bi Zamzam

Toka asubuhi Mize hakutulia. Alishusha vyombo vyote vya jikoni, akavipanga, akavipangua, akavitandaza tena sakafuni. Masufuria yaliyotoboka aliyatupa upenuni, yamngoje mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Mama, si ukae kidogo?" alisema binti yake, Nasra.

"Nikae, hivi vitajipanga?"

Chini kabisa ya kabati, ndani ya sufuria lake la pilau, likatokea jingine lililokwama. Akalivuta, akaligeuza. Chini ya ukingo palichorwa mwezi mdogo kwa rangi nyekundu ya kucha.

Kila mwanamke mtaani alikuwa na alama yake, vyombo visije vikapotezana kwenye shughuli. Mwezi ulikuwa wa Bi Zamzam, jirani wa ukuta mmoja. Baada ya arusi moja hapo mtaani alikuja kuliulizia, na Mize akamwapia mbele za watu kwamba hanalo. Hawajasalimiana tena.

Mize akalitupa upenuni. Akalifuata, akalirudisha ndani. Akashika wembe aukwangue ule mwezi, akauweka chini.

"Nasra, chambua mchele."

"Wa nini saa hizi?"

"Chombo cha mtu nikirudishe kitupu?"

Wali ulipoiva alilibeba mwenyewe, lile lile sufuria, la moto. Mlangoni kwa jirani ndipo alipoona mikono yote imejaa, hana wa kugongea. Vitambaa vyembamba, vidole vinaungua.

"Hodi," aliita.

Ndani, mwiko uliokuwa ukigonga chungu ukanyamaza.