Ngumi Juu

Don Abundio alipoinua ngumi kuomba kimya, makoleo yote yalisimama. Waliokuwa nyuma yake wakainua zao, na walio nyuma yao pia, ngumi zikapokezana barabara nzima mpaka zikapinda kona na kutoweka. Jenereta ikazimwa. Mtu mmoja akamziba mbwa mdomo.

Yaretzi alikisukuma kihisio cha pili katikati ya matofali, kisha akarudi kwenye kompyuta iliyokaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Gonga."

Don Abundio, mwashi, akagonga nondo kwa nyundo, mara tatu. Wakangoja. Kwenye kioo mstari ulitambaa, bapa kabisa, halafu ukachomoza meno matatu madogo yenye nafasi sawa.

"Yupo," alinong'ona Yaretzi.

Doña Eufemia alijifunika uso kwa aproni. Mwanawe, Nabor, alikuwa kwenye karakana ya ushonaji jana mchana tetemeko lilipopita, na jengo likalala kutoka mtaa huu hadi mtaa wa pili. Wenzake wote walitoka au walitolewa. Alibaki yeye.

"Binti yangu, niambie ukweli. Hicho kidude kinamsikiaje?"

"Hakisikii kama sisi, Doña. Kinapima zege linavyotetemeka, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, na kila kipimo kinakuwa namba. Mimi nazipanga tu hizo namba, zinajichora."

"Kwa hiyo mwanangu amekuwa namba."

"Kwa leo tu. Tukimtoa atakuwa mtu tena, na atakudai chakula."

Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu jana. "Atadai tamale za pilipili. Huyo hajui kudai kingine."

Yaretzi alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi. Darasani walifundishwa kwamba kile unachokitafuta huja kimechanganyika na kelele, na kwamba kazi yako ni kuamua kipi ni kipi. Tangu alfajiri alikuwa akiamua. Jenereta ilikuwa na mngurumo wake usiobadilika, akauchuja. Malori yaliitikisa ardhi kwa mawimbi marefu, ya polepole; akayachuja. Ilibaki mikwaruzo, mingine ya karibu, mingine ya mbali, iliyojaa kila mahali kwenye kioo. Hiyo ni yetu, alijiambia, makoleo yetu na sururu zetu. Akatengeneza chujio la tatu, na mikwaruzo ikaisha.

Mwangwi nao aliufikiria, maana hakuwa mtu wa kukurupuka. Lakini mwangwi hurudi baada ya muda uleule kila mara. Majibu haya yalikuja upesi safari moja, yakakawia safari nyingine, na kuna wakati yalimtangulia Don Abundio kabla hajanyanyua nyundo. Jiwe halina haraka wala halichoki. Huyu alikuwa mtu.

"Kijana wako ana adabu, Doña," Don Abundio alitania huku akifuta vumbi machoni. "Hagongi mpaka ngumi ipande. Wangu mimi hata mezani hanyamazi."

"Na anajuaje kwamba imepanda?"

"Anasikia tumenyamaza," alijibu Yaretzi.

Wakachimba. Don Abundio alitaka waanzie upande wa ngazi, ambako mbwa alikuwa ameng'ang'ania asubuhi, lakini Yaretzi alipeleka vihisio kule na mstari ukabaki bapa.

"Mbwa wako amenusa torta ya mtu, mkate wake wa nyama, Don Abundio."

"Hata mimi ningeinusa. Haya, injinia, tuelekeze."

Aliwaelekeza. Aliangalia ni kihisio kipi kilichopata kishindo kwanza na kipi kilichelewa, na kutokana na tofauti hiyo ndogo akajua upande gani wa kwenda. Watu wakauacha upande wa ngazi, wakajipanga mstari mmoja, ndoo zikipita mkono kwa mkono. Majirani walileta uji wa atole; walikunywa wakiwa wamesimama. Ngumi ilipanda, vishindo vikajibu. Ngumi ilishuka, wakaendelea.

Alasiri vishindo vilianza kuwa vikubwa.

"Mtu aliyefukiwa hudhoofika," alisema Don Abundio, akikuna shingo. "Huyu wetu anapata nguvu."

"Ni sisi tunaomkaribia."

"Sawa, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Hakuna aliyebisha tena. Don Abundio alitambaa shimoni kwa tumbo, mpaka zikabaki kuonekana nyayo za buti zake tu. Walisikia nyundo, kisha bamba la zege likivunjika, kisha kimya kirefu ambacho hakikuwa cha ngumi yoyote.

"Nimeshika mkono!" alipiga kelele. "Mkono wa mtu! Una joto! Ananishika, jamani, ananikaza!"

Barabara nzima ililipuka kwa makofi. Wanaume wenye vumbi mpaka kwenye kope walikumbatiana na watu wasiowajua. Yaretzi aliifunga kompyuta, akakimbilia kwenye shimo. Doña Eufemia alipiga magoti kwenye mdomo wa shimo.

"Mwambieni mama yake yupo! Mwambieni nimekaa hapa tangu jana!"

"Nyamazeni basi!" ilikuja sauti ya Don Abundio. "Anataka kusema kitu!"

Mtu akainua ngumi. Wote wakainua. Kutoka ng'ambo ya zege ikatoka sauti ya mwanamume, kavu kwa vumbi, inayotetemeka kwa furaha.

"Usiogope, Nabor, usiuachie mkono wangu. Sisi ni waokoaji wa huku mtaa wa pili. Tumekusikia ukigonga tangu asubuhi."