Aliyeketi Barabarani

Kipaza sauti kilipiga ukelele mkali, na Déborah akauma meno. Wengine ukumbini walicheka tu. Yeye alikuwa amekaa karibu na mlango, mkono wake ndani ya mkono wa Nicole, msichana ambaye tangu wafike hakuwa ametamka neno. Walikuwa wamekuja kwa miguu, pikipiki haikuwezekana kwa kelele yake.

"Mutoto wa namna hii si muchawi, hana shida," alisema Franck, mgeni wa shirika moja la watoto wenye usonji kutoka Goma. "Akili yake iko tofauti, basi. Shida iko kwetu sisi tusiomukubali. Mumukubali tu, mambo yatakuwa sawa."

Watu wakapiga makofi. Déborah alisubiri yaishe, hasira imemjaa kifuani. Hakuwahi kusikia mtu akisema hadharani, hapa Kindu, kwamba watoto hao si wachawi. Kwa hilo alitaka kumshukuru. Lakini hiyo "sawa" haikumtosha.

Akasimama.

"Papa Franck, kulikuwa mama moja hapa Kindu, mutaa wa Kasuku. Mutoto wake alichelewa kusema. Kelele ilimuunguza kama moto. Watu walimwambia mama amupeleke kwenye maombi wamutoe pepo, akakataa. Alimukubali kuliko mutu yeyote."

"Munaona!" Franck aligeukia watu.

"Ngoja, sijamaliza. Wakati wa vita risasi zililia upande wa bandari, muji muzima ukakimbilia pori. Mutoto aliketi katikati ya barabara. Akaziba masikio, akafumba macho. Mama alimuita, alimuvuta. Mutoto akamuuma mukono. Mama hakumupiga, hakumuacha. Alilala juu yake."

Akamgeukia Franck.

"Mutoto alipona. Mama hapana. Sasa uniambie, Papa: nani hakumukubali mutoto ule? Na shida haikuwako?"

Déborah hakutaka kumwaibisha Franck. Alilitaka jibu kwa dhati. Alikuwa amechoka kupewa nusu nusu, huku wakimtajia mapepo, huku wakipiga makofi, na hakuna aliyekubali kuyashika yote mawili kwa pamoja, upendo na shida.

Franck aliacha kipaza sauti, akaja mpaka mlangoni. Alichuchumaa mbele ya Nicole, akamwambia polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto mchanga:

"Pole, binti yangu. Hapa hakuna atakayekuumiza. Unanisikia?"

"Nakusikia, Papa," Nicole akajibu. "Lakini mimi namusindikiza tu shangazi. Ule mutoto wa barabarani njo yeye mwenyewe."