Mchicha wa Hewani

Mwenye nyumba alizima umeme wa chumba changu makusudi. Pampu ikanyamaza, na ukungu uliokuwa ukilowesha mizizi ya mchicha ndani ya pipa ukakatika.

"Nilikupangisha ulale, si ulime hewani," alisema akiwa mlangoni. "Ngoja hizo mboga zikauke, mama, uone kama hutalitoa hilo pipa."

Nililifunua pipa. Mizizi ilining'inia bila udongo, laini kama nywele za mwanangu aliyelala mgongoni.

Nikamkumbuka mama mkwe, dobi wa siku nyingi, anavyopulizia mashati maji kwa mdomo kabla ya kupiga pasi. Nikajaza maji mdomoni, nikapuliza: fyuuu! Mizizi ikameremeta.

"Wewe! Utapuliza mpaka lini?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshajaa maji tena.