Jiko Linauliza Swali

Jiko la kampuni ya mafuta haliwaki mpaka ujibu swali la historia ya kampuni. Nyumba zote za hapa kwetu ni hivyo, na kuni zimepigwa marufuku, basi tunajibu. Juzi liliuliza nani alijenga zahanati. Jana liliuliza kampuni ilinunua shule yetu lini. Hayo nayajua, nikajibu, nikapika.

Leo mjukuu wangu Minza kaamka na homa, na dawa yake hainywewi tumbo likiwa tupu. Nikabandika sufuria ya uji.

"Habari za asubuhi, Bibi Nyamizi," jiko likasema. "Kabla ya kampuni kuchimba mafuta, hapa palikuwa na nini?"

"Palikuwa na nyumba yangu," nikasema. "Na mtama wangu. Na kaburi la mume wangu, pale mlipoweka tangi."

"Jibu si sahihi. Jaribu tena."

"Wewe bati, unanifundisha mimi mahali nilipoolewa?"

"Jibu si sahihi. Jaribu tena."

Nikarudia yale yale, safari hii nikalitajia jina la mume wangu na la baba yake. Moto hakuna. Minza akajiinua kitandani, midomo imemkauka.

"Palikuwa pori tupu," akaliambia jiko. "Hapakuwa na mtu."

Moto ukawaka, wa buluu, mzuri.

"Bibi," akaniuliza, "kwa nini unalidanganya jiko?"

Nilikoroga uji mpaka mwiko ukanivunjikia mkononi. Nikaendelea kukoroga na kile kipande, maana mtoto lazima anywe dawa.